Godoro la Kodi ya Mauzo

Kwaru, kwaru.

Gizani, kabla hata jogoo wa jirani hajakohoa, sauti hiyo ndiyo iliyomwamsha Fundi. Haikuwa panya. Ilikuwa nailoni. Godoro lao jipya lilikuwa bado limevaa nailoni yake ya dukani, mwezi wa tatu sasa, kwa sababu mumewe aliapa haitatolewa mpaka godoro litimize mwaka. "Kitu kipya unakivua nguo polepole," alisema siku lilipoletwa, na Fundi akacheka akakubali. Basi siri zikaisha ndani ya chumba kile. Ukigeuka, kwaru. Ukijikuna mguu, kwaru. Mambo mengine ya mke na mume yalisubiri mtoto atoke kwenda kucheza, na hata hapo kinyozi wa upande wa pili wa ukuta alikuwa na tabia mbaya ya kukohoa.

"Umeamka?" Fundi akanong'ona.

"Nimelala," mumewe akajibu. Kwaru.

"Aliyelala hajibu."

"Nilikuwa nimelala mpaka ulipouliza."

Mumewe alikuwa mchoraji wa mabango ya maduka, na mtaa mzima ulimwita Msanii, wengine kwa heshima na wengine kwa sababu walikuwa wakimdai. Mkewe alikuwa mshonaji, kwa hiyo aliitwa Fundi na hakuna aliyejisumbua kumtafutia jina jingine. Katikati yao, akiwapiga mateke wote wawili bila upendeleo, alilala binti yao wa miaka sita. Huyu aliitwa Meneja. Alipewa cheo hicho kwa kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa mama yake na kuwauliza wateja: "Umekuja kuchukua, au umekuja kuuliza kama iko tayari?"

"Unafikiria ule ujumbe," akasema Fundi.

"Ujumbe gani?"

"Msanii."

Kwaru ndefu, ya mtu anayelala chali na kukubali matokeo.

Ujumbe uliingia jana jioni kutoka kwa mhasibu wa kampuni ya usafi, wale waliomshonesha Fundi ovaroli mia moja na ishirini. Ulikuwa mfupi: *Fika kesho saa mbili asubuhi na nyaraka zako zote za kodi. Kuna shida.*

"Nyaraka zetu zote za kodi ni zipi?" akauliza Fundi.

"Si ile moja."

"Ipi?"

"Ile tuliyompa yeye."

Ile moja ilikuwa ankara, na Msanii ndiye aliyeichora. Kampuni ilipotaka ankara, Fundi alitaka kuandika tu kwenye ukurasa wa daftari: ovaroli mia na ishirini, elfu tatu kila moja, jumla laki tatu na elfu sitini, asante. Msanii alishika kichwa. Karatasi ya hivyo ingemwaibisha kama mchoraji. Akachukua risiti ya duka la vifaa vya ujenzi kama mfano, akapiga mistari, akaweka fremu, akaandika kwa herufi za kupendeza. Duka la vifaa vya ujenzi lilikuwa na mstari wa kodi ya mauzo juu ya jumla kuu, naye akauweka. Mstari ukiachwa mtupu unakaa kama pengo mdomoni, kwa hiyo akaujaza: kumi na tano kwa mia, elfu hamsini na nne. Pale juu pakawa na nafasi ya namba ya usajili wa kodi, na hapo ndipo Fundi mwenyewe alipochangia. Alipanda kwenye kigoda cha Meneja na tochi mkononi, akasoma namba ya mita ya umeme, tarakimu kumi na moja. Hakuwa na nia mbaya. Nyumba nzima haikuwa na namba nyingine iliyotoka kwa wakubwa.

Kampuni ikalipa yote. Fundi aliuliza siku ile ile, "Hii elfu hamsini na nne tunaipeleka wapi?" na Msanii akasema, "Wakiitaka watakuja." Wiki ikapita, hakuna aliyekuja. Godoro likanunuliwa kwa elfu hamsini na mbili, na mwenye mkokoteni akachukua elfu mbili. Tangu siku hiyo familia ile ililala juu ya kodi ya mauzo kila usiku, na kusema kweli, ilikuwa laini.

"Labda wamekuja," akasema Fundi gizani.

Msanii aligeukia ukuta. Nailoni ilijibu kwa niaba yake.

*

Mlangoni pa kampuni, mlinzi alimpa daftari la wageni. Palikuwa na nafasi iliyoandikwa *Unatoka kampuni gani*. Fundi akafikiri kidogo, akaandika: Nyumbani. Mlinzi akasoma, akamtazama, akamwonyesha benchi lililo mbali zaidi.

Alikaa hapo saa nzima. Wafanyakazi walipita na ndoo zao kwenda kupanda gari la kazi, na kila mmoja alivaa ovaroli yake. Fundi hakuweza kujizuia, alikagua mishono. Kwapa zilikuwa zimeshika. Zipu hazijachomoka. Mwanamke mmoja mnene alisimama mbele yake.

"Dada, si wewe uliyeshona hizi?"

"Ni mimi. Inakubana?"

"Inibane wapi! Nataka nikushukuru huu mfuko." Akajipapasa ubavuni, upande wa ndani. Ulikuwa mfuko mdogo ambao haukuwemo kwenye mchoro wa kampuni. Fundi aliuongeza mwenyewe kwa vipande vilivyobaki, kwa sababu alijua mtu anayepiga deki siku nzima lazima awe na mahali pa kuweka nauli yake. "Zamani nilikuwa naiweka kwenye soksi. Kufika jioni, hata kondakta hataki kuishika."

Fundi aliingia ofisini akiwa bado anatabasamu. Tabasamu halikudumu.

Mhasibu alikuwa kijana aliyenukia vizuri kuliko ofisi yake. Makarani wawili walikaa nyuma yake, wakijifanya wana kazi.

"Mama, kaa," akasema, ingawa wangeweza kuwa darasa moja. "Hii ankara umeandika wewe?"

"Mume wangu."

"Nzuri sana. Nilitaka kuiweka fremu." Akaigeuza. "Sasa mama, sisi tukikulipa kodi ya mauzo, wewe unaipeleka ofisi ya kodi, na sisi tunaihesabu kwenye vitabu vyetu kwamba tumeshalipa. Umenielewa? Wakaguzi wamekuja wiki iliyopita. Hii yako wameikataa. Wanasema wewe kwao hupo. Namba hii wameitafuta juu chini. Umeitoa wapi?"

"Kwenye mita," akasema Fundi.

"Mita gani?"

"Ya umeme."

Karani mmoja aliweka kalamu chini taratibu, kama mtu anayetaka mikono mitupu kwa kicheko kinachokuja.

"Mama," akasema mhasibu, sauti ikimtetemeka, "umetupa namba ya *mita*?"

"Lakini umeme tunalipia," akasema Fundi. "Hatudaiwi hata senti."

Hapo wakaachia. Karani wa pili alilaza kichwa juu ya meza. Mtu wa chumba cha pili aliingia kuuliza kuna nini, akaelezwa, naye akacheka akaenda kuwaeleza wa chumba cha tatu. Fundi alikaa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili na kungoja, kama unavyongoja mvua ipite ukiwa chini ya paa la watu.

Mhasibu alifuta macho. Hakuwa mtu mbaya, na sasa alikuwa na aibu kidogo, jambo lililomfanya awe mkali.

"Sikiliza. Bosi anazipenda ovaroli zako. Wafanyakazi wanagombania, sijui umewawekea nini humo. Tunataka nyingine mia nne."

Mia nne. Kichwa cha Fundi kilipiga hesabu bila kuombwa: milioni moja na laki mbili. Cherehani ya pili. Meneja shuleni na viatu vyake mwenyewe.

"Lakini hatununui tena kwa mtu asiyekuwa kwenye daftari la kodi. Ijumaa, saa sita mchana, uwe hapa na cheti cha usajili na risiti inayoonyesha ile elfu hamsini na nne imefika inakotakiwa. Ikipita saa sita, oda inakwenda kwa mwingine, na hiyo pesa utaturudishia sisi."

"Leo ni Jumanne," akasema Fundi.

"Ndiyo, mama. Na kesho Jumatano."

*

Habari ilifika mtaani kabla yake, sijui kwa gari gani. Alipofungua chumba cha mbele anachoshonea, kinyozi alikuwa tayari mlangoni, mashine ya kunyolea mkononi. Nyuma yake alisimama mteja mwenye shuka shingoni na nusu ya nywele kichwani.

"Shemeji, usijiandikishe!" kinyozi akasema. "Nakuomba kama ndugu."

"Malizia kwanza kichwa cha watu."

"Kichwa kitasubiri. Ukijiandikisha kodi ya mauzo umeolewa mara ya pili. Na huyu mume wa pili kila mwezi anataka maelezo. Umeuza nini, umenunua nini, umekaa wapi. Hata mwezi ambao hujashona kitu, unamwandikia: mpenzi, sijashona kitu."

"Angalau huyo anauliza," akasema Fundi, akimtupia jicho Msanii, aliyekuwa akiosha brashi kwa bidii isiyo ya kawaida.

"Mimi nanyoa vichwa ishirini kwa siku," kinyozi akaendelea. "Nikiweka kumi na tano kwa mia juu ya kila kichwa, vichwa vyote vinahamia ng'ambo ya barabara."

"Mimi hata nikitaka siwezi kuhama sasa hivi," akasema yule mwenye nusu kichwa.

"Wewe nyamaza, unanyolewa."

"Sinyolewi. Ndiyo tatizo langu."

Fundi akaketi kwenye cherehani. "Vichwa vyako havikuombi ankara. Hawa wangu wanaomba."

"Waambie huna. Shona suruali za mtaani. Sisi si tupo?"

"Wewe una suruali mbili, na moja nimeikunja pindo mara tatu. Bado hujalipia ya kwanza."

Mwenye nusu kichwa alicheka hadi shuka ikadondoka. Lakini usiku ule Fundi aliyatafakari maneno ya kinyozi, maana hayakuwa upuuzi mtupu. Pindo alitoza mia mbili. Nani mtaani angelipa mia mbili na thelathini ili serikali ipate thelathini? Na ile hesabu ya kila mwezi angeiandika saa ngapi, kati ya kitufe na kitufe? Ukijiandikisha, umejiandikisha kwa wote: kwa mwenye ovaroli mia nne na kwa bibi anayeleta gauni moja.

*

Jumatano mchana Msanii alirudi na kitu alichokifunga kwenye gazeti. Alikiweka juu ya meza ya kukatia, akafunga mlango, akamwambia Meneja akae kwenye kigoda nje na asiruhusu mtu.

"Fungua," akasema.

Kilikuwa cheti cha usajili wa kodi ya mauzo. Karatasi nene, pambizo la mawimbi madogo madogo, muhuri wa bluu uliochongwa kwenye soli ya ndala. Katikati, kwa herufi zilizosimama wima kama watu walioitwa mbele, palikuwa na jina la biashara ya Fundi. Alikuwa hajawahi kuliona likiwa limeandikwa popote, achilia mbali kwenye kitu chenye muhuri.

"Umekiona wapi cha kweli?"

"Kipo ukutani, duka la vifaa vya ujenzi. Nimenunua msumari mmoja, nikauliza bei ya saruji, nikauliza bei ya mabati, nikauliza kama mabati yanapungua bei. Mpaka wakaniuliza najenga ghorofa ngapi." Alikuwa akitabasamu kama mtoto aliyeleta maua. "Hata aliyetoa cha kweli akikiona hiki atasimama."

"Ni kizuri," akasema Fundi, akipitisha kidole juu ya jina lake.

"Ni kizuri kuliko chao."

"Hiyo ndiyo tabu yako, mume wangu. Ulichora mstari, tukapata godoro. Sasa umechora cheti. Tutapata nini, chumba chenye nondo?"

Tabasamu la Msanii lilikwenda upande mmoja, likabaki huko. "Nilitaka tu usiende kuchekwa tena," akasema. "Nimesikia walivyokucheka. Ile namba niliiandika mimi, kwa mkono wangu."

"Na mimi ndiye niliyepanda kigodani kuisoma."

Wakatazamana. Kisha Fundi akakitandaza cheti juu ya meza, akakilainisha kwa kiganja, akachukua chaki. Juu ya jina lake, juu ya muhuri wa ndala, alichora umbo la mfuko mdogo wa ndani. Akakata. Mkasi ulipita taratibu, maana karatasi ilikuwa nzuri, ya kudumu. Kielelezo cha zamani cha kukatia mfuko huo kilikuwa cha boksi na kilishaanza kupasuka.

"Tutakatia kwa hiki," akasema. "Mifuko mia nne."

"Kwa cheti kipi, sasa?"

"Cha kweli. Tunauza godoro."

Msanii alitazama mlango wa chumba cha ndani kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake ameitwa.

"Bado halijavuliwa nailoni," akasema kwa huzuni.

"Ndiyo maana litauzika."

*

Aliyelinunua alikuwa kinyozi. Alhamisi jioni aliingia, akalizunguka, akalibonyeza kwa dole gumba kama anapima embe.

"Limelaliwa hili."

"Iliyolaliwa ni nailoni," akasema Msanii. "Godoro lenyewe halijawahi kumwona mtu."

"Msinidanganye. Nimelisikia miezi mitatu, nalijua kuliko nyinyi. Elfu thelathini na tano."

"Limenunuliwa hamsini na mbili," akasema Fundi.

"Likiwa halina historia."

"Shemeji, wewe na mkeo mnalalia nini sasa hivi?"

Kinyozi alikohoa, kikohozi kile kile walichokizoea kupitia ukutani. Walikuwa wakilalia sponji mbili zisizolingana urefu, na mtaa mzima ulijua. Alipanda mpaka arobaini, akakaa hapo kwa muda, akapanda mpaka arobaini na nne na kuapa kwamba akiongeza hata mia atauza mashine. Akatoa pesa. Kisha, pesa zikiwa bado hewani, akazirudisha nyuma kidogo.

"Niandikieni risiti."

"Wewe?" akasema Fundi. "Si huwa hutaki mambo ya karatasi?"

"Sitaki kuandika. Kupokea sikatai. Kesho mkisema mliniazima je?"

Msanii akaiandika, kwa herufi zake zile zile. Alipofika chini, juu ya jumla, mkono wake ulisita pale ambapo mstari wa kodi ungekaa. Akapaacha patupu. Ilimuuma, ilionekana usoni.

Kulikuwa na elfu sita za bango la duka la simu, zilizopaswa kununua rangi. Kulikuwa na elfu nne kwenye kopo la vifungo. Fundi alizitia zote kwenye bahasha na kuandika juu yake 54,000, kisha akapiga mstari chini.

Meneja alikuwa kigodani mlangoni. Godoro lilipopitishwa mbele yake, kwaru, kwaru, mpaka nje, alimuuliza kinyozi: "Umekuja kuchukua?"

"Nimekuja kuchukua," kinyozi akasema, akaongeza mwendo.

*

Shule zilikuwa zimefungwa na hapakuwa na wa kumwachia mtoto, kwa hiyo Ijumaa walikwenda ofisi ya kodi wote watatu. Walipewa namba ya foleni sitini na moja. Ukumbi ulikuwa umejaa watu wenye bahasha za kaki na nyuso za kaki. Mtu wa usafi alikuwa akipiga deki kati ya miguu yao, na Meneja alimvuta mama yake kanga: mtu yule alikuwa amevaa ovaroli yao. Fundi akaitikia kwa kichwa kwamba ameiona. Ikampa moyo, kama kukutana na ndugu hospitalini.

Saa nne na nusu wakaitwa. Afisa alikuwa mwanamke wa makamo aliyevua viatu chini ya meza na kudhani hakuna anayeona. Alisoma ankara, akasoma barua aliyopewa Fundi na kampuni siku ya Jumanne, akavua miwani.

"Nani alitoa wazo la mita?"

"Mimi," akasema Fundi.

Afisa hakucheka. Fundi angeweza kumkumbatia.

"Haya. Kwa mwaka unauza kiasi gani?"

Fundi akataja ovaroli, mapindo, zipu, gauni za sherehe. Afisa akajumlisha kwenye kikokotoo, akaongeza hata zile mia nne ambazo hazijashonwa.

"Hujafika kiwango," akasema. "Sheria haikulazimishi kujiandikisha. Ukinilipa hii uliyoikusanya, maana iliyokusanywa kwa jina la kodi si yako, usajiliwe usisajiliwe, unaweza kurudi nyumbani ukashona kwa amani. Hakuna atakayekusumbua."

Msanii alivuta pumzi ya mtu aliyeachiwa huru. Alianza hata kuinuka. Fundi hakuinuka.

"Na nikijiandikisha kwa hiari yangu?"

"Utaleta hesabu kila mwezi, hata mwezi usiouza kitu. Kila unachouza kitakuwa na kodi ndani yake, kwa mkubwa na kwa mdogo. Kitambaa na nyuzi ukinunua kwa risiti ya kweli, kodi ya humo unaipunguza kwenye yako."

"Pindo natoza mia mbili. Nikisema mia mbili na thelathini watanitukana."

"Basi tosheka na mia mbili, kodi itoke humo humo." Afisa akabonyeza kikokotoo. "Ishirini na sita. Wewe unabaki na mia na sabini na nne."

Ishirini na sita kwa kila pindo. Mapindo kumi kwa wiki. Fundi alifikiria daftari la kila mwezi, alifikiria kinyozi na vichwa vyake ishirini, ambaye kwa vichwa vyake alikuwa sahihi kabisa. Kisha akafikiria daftari la wageni la ile kampuni. Safari nyingine, kwenye ile nafasi ya *Unatoka kampuni gani*, angependa kuwa na kitu cha kuandika.

"Niandike," akasema.

Msanii akaketi tena.

Fomu ilikuwa ndefu. Jina, kazi, mtaa, simu. Katikati ya ukurasa wa pili afisa alisita, akainua macho juu ya miwani, na kona ya mdomo wake ikacheza kidogo tu.

"Namba ya mita ya umeme ya mahali pa biashara?"

Fundi aliisema kwa kichwa, tarakimu zote kumi na moja, bila kukosea hata moja.

Saa ya ukutani ilionyesha saa tano kasoro dakika tano. Kutoka pale hadi kampuni ni mwendo wa nusu saa, kama hakuna foleni barabarani. Fundi alitoa bahasha, akaiweka mezani. Afisa alihesabu noti: za elfu, za mia tano, za mia mia zilizokunjwa na kunuka kopo la vifungo. Elfu hamsini na nne kamili. Lakini badala ya kugonga muhuri, alizipanga upya, akaegemea kiti.

"Kila anayekuja hapa na kosa la namna hii analia nimpangie kulipa kidogo kidogo, mwaka mzima," akasema. Sauti ilikuwa imebadilika, imekuwa ya kazini. "Nyinyi mmeambiwa Jumanne. Leo Ijumaa mmeleta yote. Na umeniambia mauzo yako ni haya tu." Alisogeza fomu nyingine, ya njano. "Kuna biashara nyingine hamjaniambia? Maana ikiwepo, cheti hakitoki leo. Lazima nitume watu waje kukagua kwanza."

Nyuma yao foleni ilisogea karibu ili isikie vizuri. Fundi alijua jibu. Lilikuwa jibu fupi na halikuwa na kosa lolote ndani yake, ila kulisema mbele ya ukumbi mzima wa watu wenye bahasha, akiwa amevaa gauni lake zuri, ulimi ulikataa. Alitazama mikono yake.

"Mheshimiwa," Msanii akaanza, akisimama, mkono mmoja kifuani, "kuna mjomba wangu mmoja, yuko nje, mtu mwenye uwezo wake, ambaye tangu zamani..."

Kalamu ya afisa iligusa fomu ya njano.

Meneja, aliyekuwa amekaa juu ya mkoba wa mama yake akisugua ubavu wake, alimtazama baba yake kwa mshangao, kisha akamgeukia afisa na kusema kwa sauti, ukumbi mzima ukasikia:

"Jana tulilala chini."

Afisa aliisogeza kando fomu ya njano, akachukua muhuri.